MWALIMU MKIMBIZI ASIACHWE NJE YA DARASA

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlioko makambini, vituoni na mipakani, leo tunataka kuzungumza juu ya mtu ambaye mnakutana naye mara nyingi bila ya kumtambua. Mtu huyo ni mwalimu aliye safarini. Huvuka mpaka akiwa na mtoto mgongoni na mfuko mkononi. Huandikwa jina lake pamoja na majina ya wenzake. Hupandishwa gari, hupewa kiwanja cha kujenga. Na tangu siku ile watu humwita mkimbizi, basi. Kwamba kwao alisimama mbele ya darasa kwa miaka 10 au 20 ni habari ambayo aghalabu hubaki ndani ya karatasi za uandikishaji.

Swali tunalotaka kulijibu ni hili: je, mtu kama huyo anaweza kupata kazi ya kufundisha katika nchi isiyo yake? Na kama anaweza, ni kitu gani kinachomzuia? Jibu la kwanza ni fupi. Sheria ya Uganda inamruhusu. Jibu la pili ni refu zaidi, nalo ndilo linalotuhusu sote: mlango wa sheria uko wazi, lakini mwalimu hukwama penye cheti.

Tuanze na mahali penyewe. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Kutoka mjini Mbarara ni mwendo wa kilomita 50 hadi 60, katika nchi ya ng'ombe na migomba, kando ya ziwa lenye jina lilo hilo la Nakivale. Makazi hayo yalianza mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa kabisa katika Afrika. Wa kwanza kupokewa kwa wingi walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Leo wanaishi huko zaidi ya watu 100,000: Wakongo walio wengi, na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Wahabeshi, Waeritrea na wengineo. Tangu mapigano yaliporudi mashariki ya Kongo mwaka 2022, na hasa baada ya mji wa Goma kutekwa Januari 2025, misafara mipya imekuwa ikiingia kupitia mpaka wa Bunagana na kituo cha Nyakabande, wilayani Kisoro, na wengi wao wamepelekwa Nakivale.

Katika umati kama huo hapana budi wawemo walimu. Ualimu ni miongoni mwa kazi za mshahara zilizoenea kuliko zote katika vijiji vya Kongo na Burundi; kijiji kinapokimbia, mwalimu wa kijiji hukimbia pamoja na wanafunzi wake. Na huko Nakivale watoto wamejaa. Darasa lenye watoto zaidi ya 100 mbele ya mwalimu mmoja si jambo la kushangaza katika makazi ya wakimbizi ya Uganda. Basi tunaona upande mmoja watoto wasio na mwalimu wa kuwatosha, na upande wa pili walimu wasio na darasa. Na kati yao pana karatasi.

Ndugu wasikilizaji, mwalimu kutoka nje si kitu kigeni katika nchi ya Ankole. Shule ya Ntare iliyoko Mbarara, ambayo imewasomesha viongozi wengi, ilianzishwa mwaka 1956 na Mskoti aitwaye William Crichton. Yoweri Museveni alisoma hapo, na Paul Kagame, aliyeingia Uganda akiwa mtoto mkimbizi, alisoma hapo pia. Mwaka 1961 ulianza mpango wa kuwaleta walimu wa Kimarekani na Kiingereza kufundisha katika shule za sekondari za Uganda, Kenya na Tanganyika, kwa sababu uhuru ulikuwa unakaribia na walimu wenyeji walikuwa wachache. Na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilipofunguliwa mwaka 1989, miongoni mwa wahadhiri wake wa udaktari walikuwamo Wakuba.

Wala Waganda wenyewe hawakukaa nyumbani siku zote. Katika utawala wa Idi Amin, kuanzia mwaka 1971 hadi 1979, walimu wengi wa Uganda walikimbilia nchi jirani, na shule nyingi za Kenya zilinufaika kwa kazi yao. Mshairi Okot p'Bitek alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Museveni mwenyewe, mapema katika miaka ya 1970, alipokuwa uhamishoni nchini Tanzania, alifundisha katika Chuo cha Ushirika cha Moshi. Kwa hiyo, askari anayemwona mkimbizi mwenye chaki mkononi na kudhani kwamba ni jambo lisilo la kawaida, na akumbuke kwamba Amiri Jeshi Mkuu wake aliwahi kushika chaki ugenini.

Sasa tuitazame sheria. Zamani mambo ya wakimbizi yalitawaliwa na sheria ya mwaka 1960, iliyotungwa kabla ya uhuru, ambayo nia yake ilikuwa kuwadhibiti wageni hao na kuwaweka mahali pamoja. Askari wengi wa zamani walizoea utaratibu huo. Lakini sheria hiyo imekwisha kufutwa. Mahali pake pana Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, na kanuni zake za mwaka 2010. Kwa sheria hii, mkimbizi anayetambuliwa anayo haki ya kutafuta kazi ya halali na kuajiriwa, na kanuni zimemsamehe ada ambazo zingemzuia kuipokea kazi hiyo. Kadhalika anayo haki ya kwenda huku na huko nchini, ila kwa mipaka inayowekwa na sheria kwa ajili ya usalama, afya na haki za wengine. Nyuma ya sheria hiyo upo Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1976. Mkataba huo unazungumzia kazi ya mshahara katika kifungu cha 17, na katika kifungu cha 22 unazitaka nchi ziwatendee wakimbizi kwa wema iwezekanavyo katika kuvitambua vyeti vyao vya masomo.

Hapo ndipo tunapofika penye fundo lenyewe. Haki ya kufanya kazi si sawasawa na haki ya kufundisha. Mkimbizi akitaka kulima, kushona au kuuza duka, kitambulisho chake kinamtosha kwa sehemu kubwa. Akitaka kufundisha, hana budi kufuata sheria ya nchi, inayosema kwamba mwalimu sharti aandikishwe rasmi, au apewe leseni ya kufundisha. Sharti hili ni la haki, na linamhusu Mganda kama linavyomhusu mgeni. Hakuna mzazi anayependa mwanawe akabidhiwe kwa mtu asiyejulikana amesoma wapi. Ubaya hauko katika sharti. Ubaya uko katika urefu wa njia ya kulifikia.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kivu. Nchini Kongo, wengi wa walimu hao husomea kazi yao ndani ya shule ya sekondari yenyewe, katika mkondo wa ualimu, na mwishoni hufanya mtihani wa taifa na kupata diploma ya serikali. Akiwa na diploma hiyo tu, huingia darasani kufundisha. Uganda ilijengwa kwa utaratibu mwingine: mwanafunzi alimaliza kwanza kidato cha nne, kisha akaenda chuo cha ualimu kwa miaka miwili na kupata cheti cha Daraja la Tatu. Sasa yule Mkongo anapoleta hati yake, inaonekana kama cheti cha sekondari, wala si cheti cha ualimu. Masomo yake ya kufundisha yamo ndani, lakini hayana karatasi ya peke yake. Tena mwaka 2019 serikali ilitoa sera ya taifa ya walimu inayotaka kila mwalimu, hata wa shule ya watoto wadogo, awe na shahada. Kwa hiyo ngazi imepandishwa juu wakati mgeni bado anatafuta pa kuweka mguu wa kwanza.

Na njia yenyewe ina vituo vingi. Kwanza, hati ya Kifaransa lazima itafsiriwe kwa Kiingereza na watu wanaokubalika. Pili, cheti cha sekondari hupelekwa kwenye Baraza la Taifa la Mitihani ili kilinganishwe na vyeti vya Uganda. Diploma ya chuo na shahada hupelekwa kwenye Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Tatu, hati hizo hupelekwa kwenye ofisi ya kuwaandikisha walimu. Makao makuu ya ofisi hizo yako Kampala na karibu nayo, mwendo wa zaidi ya kilomita 250 kutoka Mbarara, na kila hatua ina gharama yake ya nauli, ada na siku za kungoja. Mtu anayeishi kwa mgawo wa chakula anawezaje kuzibeba gharama hizo?

Tena yuko aliyepoteza hati zote. Nyumba yake ilichomwa moto, au alitoka usiku bila ya kuchukua kitu. Kwa mtu mwingine tungesema, aandike barua kwao apate nakala. Lakini mkimbizi anawezaje kuandika kwa ofisi za mahali alipokimbia, pengine mahali ambapo sasa pana watu wenye bunduki wasiotaka kusikia jina lake? Mkataba wa Geneva uliliona jambo hili tangu zamani. Kifungu cha 25 kinaitaka nchi iliyompokea mkimbizi imsaidie kupata hati ambazo kwa kawaida angepewa na serikali yake. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2019 juu ya vyeti vya elimu ya juu, ulioanza kufanya kazi mwaka 2023, nao unazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa kuupima ujuzi wa wakimbizi wasio na hati kamili. Inawezekana basi kumpima mtu kwa mahojiano, kwa mtihani na kwa kumtazama akifundisha. Zambia ilianza kujaribu mpango wa namna hiyo pamoja na UNESCO mwaka 2019.

Wakati njia hiyo inaendelea, mwalimu wetu hufanya nini? Wako wanaopata kazi ya msaidizi wa darasa. Kazi hiyo si ya kudharauliwa. Katika Uganda, tangu mwaka 2007, madarasa matatu ya kwanza hufundishwa kwa lugha ya mahali penye shule, na kuanzia darasa la nne kwa Kiingereza. Mtoto aliyetoka Masisi au Uvira haelewi Kinyankole wala Kiingereza. Msaidizi anayejua Kiswahili na Kifaransa husimama kando ya mwalimu Mganda na kumweleza mtoto kinachosemwa, na bila yeye mtoto yule hukaa mwaka mzima kama kiziwi. Lakini msaidizi si mwalimu kwa cheo wala kwa mshahara, hata kama kwao alikuwa mkuu wa shule.

Wengine hufundisha watu wazima kusoma na kuandika, au huwafundisha Kiingereza cha mwanzo, katika madarasa yaliyosaidiwa kwa miaka mingi na mashirika kama Baraza la Wakimbizi la Ufini. Wengine hupanda gari kwenda Mbarara kutafuta nafasi katika shule za watu binafsi, hasa za kufundisha Kifaransa au Kiswahili, kwa sababu ualimu wa serikali hupitia tume za utumishi, na mgeni si rahisi kufika huko. Katika shule za binafsi hatari yake ni moja: mwenye shule akijua kwamba mwalimu hana uandikishaji, humlipa nusu, au humlipa akipenda, bila ya mkataba wa maandishi. Na wengine, hawa ndio wanaotusikitisha zaidi, hukata tamaa na kushika jembe la kibarua. Kulima ni kazi ya heshima. Lakini nchi inayohitaji walimu ikimwacha mwalimu apalilie migomba ya mtu, imepoteza mara mbili.

Tumesema nchi inayohitaji walimu, na hitaji moja linawagusa ninyi askari kuliko watu wengine wote. Kiswahili ni lugha yenu ya kazi tangu enzi za majeshi ya kikoloni. Mwaka 2005 Katiba ilibadilishwa na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ulikifanya kuwa somo la lazima katika vidato vya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi ni mzuri, lakini walimu wa kuutekeleza ni wachache. Na tazama: kilomita zisizozidi 60 kutoka Mbarara wako walimu waliozaliwa ndani ya Kiswahili na kusomea kazi ya kufundisha. Ni kweli kwamba Kiswahili cha Bukavu sicho kile cha vitabuni, kama vile Kiswahili cha kambini nacho sicho. Lakini mwalimu mwenye lugha kinywani hufundishwa sarufi na tahajia sanifu kwa muda mfupi kuliko yule asiyekuwa nayo kabisa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekwisha kuja.

Ndugu askari, mtauliza: sisi tunahusikaje, nasi si Wizara ya Elimu? Mnahusika kwa njia nne zilizo wazi.

Njia ya kwanza ni mpakani. Mtu wa kwanza anayezungumza na mkimbizi, tena kwa lugha anayoielewa, ni askari. Mwambie azitunze hati zake za shule kama anavyomtunza mtoto, na kazi yake aitaje kwa usahihi anapoandikishwa. Neno hilo moja linaweza kumwokolea miaka.

Njia ya pili ni barabarani. Mwalimu anayetoka Nakivale kwenda Mbarara akiwa na kitambulisho halali cha mkimbizi hatoroki. Anatumia haki aliyopewa na sheria. Ukaguzi ni wajibu wenu, na ufanywe. Lakini kuomba kitu kidogo kwa mtu aliyeazima nauli ni dhuluma, tena ni kosa la jinai.

Njia ya tatu ni kituoni. Mtu aliyepoteza vyeti huanza safari ya kuvipata upya kwa taarifa ya polisi ya kupotelewa. Aiandikwe kwa uangalifu: jina kama lilivyo katika kitambulisho, jina la shule, mwaka, na aina ya hati. Taarifa iliyoandikwa ovyo humrudisha mtu mwanzo. Kadhalika, shule inayojali watoto wake humtaka mwalimu cheti cha tabia njema, nacho hutolewa na polisi kupitia ofisi ya Interpol mjini Kampala. Hapo polisi ndio walinzi wa mtoto, na hapo pasiwe na upendeleo wa aina yoyote, kwa mgeni wala kwa mwenyeji.

Njia ya nne ni kuwasaka wadanganyifu. Penye shida ya vyeti huzaliwa watu wa kuvighushi, na penye shida ya kazi huzaliwa mawakala wa uongo. Wapo wanaowaahidi vijana waliosoma nafasi za kufundisha Uarabuni au Asia, wakachukua fedha zao na hati zao, na mwisho wa safari kazi ikawa nyingine kabisa. Uganda inayo sheria ya mwaka 2009 dhidi ya biashara ya kusafirisha watu, na mawakala wa kazi za nje hupewa leseni na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Wakala asiye na leseni hiyo achunguzwe. Na mkimbizi anayekwenda nje ya Uganda kwa halali husafiri kwa hati ya kusafiria ya Mkataba wa Geneva. Anayeambiwa hati hiyo haina haja, au kwamba apite njia ya panya, ajue amekwisha kuingia mikononi mwa walanguzi.

Kwake mwalimu mwenyewe, ikiwa anatusikiliza huko Nakivale, neno letu ni hili. Ajifunze Kiingereza bila ya kuona haya, kwa kuwa ndicho lugha ya mitihani ya nchi hii. Asikubali kazi isiyo na mkataba wa maandishi. Asinunue cheti, hata akisongwa na njaa, kwa sababu cheti cha kughushi kikigunduliwa huharibu na kile cha kweli alichokuwa nacho. Na kazi ya msaidizi akiipata aifanye vizuri, akiomba barua ya ushahidi kila mwaka, kwa kuwa barua hizo ndizo zitakazomsemea siku ya kupimwa.

Na kwa wenye madaraka tunasema kwamba mzigo huu haufai kuachiwa mtu mmoja mwenye mfuko mtupu. Mwaka 2018 serikali ilitangaza mpango wa elimu kwa wakimbizi na kwa wenyeji wanaoishi nao, na nia yake ilikuwa njema. Mwaka 2017 nchi za IGAD, Uganda ikiwamo, zilikubaliana mjini Djibouti juu ya elimu ya wakimbizi. Kongo na Burundi zimo pamoja nasi katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Ikiwa bidhaa za Goma na Bujumbura zinaweza kuvuka mpaka zikapimwa na kukubaliwa, haikosi njia ya kuupima na kuukubali ujuzi wa mwalimu. Yafaa wapimaji wamfuate huko huko Nakivale, au walau Mbarara, ambako vipo vyuo vikuu na wakufunzi wa kuifanya kazi hiyo, badala ya kumwita yeye Kampala. Na palipopungua pasomeshwe kwa miezi michache, mtu apewe leseni yake, aingie darasani.

Uganda imesifiwa duniani kwa kuwapokea wakimbizi zaidi ya 1,500,000, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote ya Afrika. Kuwapa ardhi na hifadhi ni jambo kubwa. Linalobaki ni kuwapokea pamoja na kazi zao. Kila mwaka ambao mwalimu anangoja cheti, mtoto wa darasa la kwanza anakuwa wa darasa la pili bila ya kujua kusoma. Na mtoto huyo, awe Mkongo au Mnyankole, atakua na kuishi humu humu, katika barabara mnazozilinda ninyi.